Usipime muchele kwa macho

Siku ya mushahara, ingia soko lolote la Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Muchele murefu, mweupe, wenye kutoka ngambo, uko mbele ya meza. Muchele wa kwetu, wa Maniema, mufupi na wenye tumbo, uko nyuma ndani ya mufuko, sawa vile mutoto wa kufichwa. Na ule murefu njo unakula mushahara.

Hata kwangu ilikuwa vile. Siku moja bakwe walikuja kututembelea, mama watoto akapika muchele mufupi. Nikamuita pembeni: «We mama, unapikia bageni muchele gani huu?» Akanijibu: «Baba, kula kwanza, kisha njo useme.» Bageni walikula, wakaomba kuongezewa. Nikanyamaza. Tangu ile siku nilitafuta kujua: urefu wa mbegu unatoka wapi, na unatufaa nini?

Mbegu ya muchele inakomalia ndani ya ganda lake. Ganda njo nyumba: nyumba ikiwa ndefu, mbegu inakuwa ndefu, ikiwa pana, mbegu inakuwa nene. Kipimo cha ile nyumba kiko ndani ya jeni, ni kusema maagizo yenye mumea unarizi kwa wazazi wake. Jeni moja inaitwa GS3. Kazi yake ni sawa na freni: inazuia ganda lisirefuke. Mwaka 2006, wataalamu wa Uchina walionyesha ya kama ndani ya aina mingi za muchele murefu, ile freni ilikufa. Herufi moja tu ya maagizo, C, iligeuka A, na maagizo yakakatika katikati. Mwaka 2007 wakaonyesha freni ingine, GW2, ya upana. Jeni zingine ziko, lakini fundisho ni lile lile: ule urefu wenye tunalipia makuta, mara mingi ni freni yenye kufa.

Sasa, muchele kushikamana ao kuachana ndani ya chungu, ile ni kazi ya jeni ingine. Harufu nzuri nayo iko na jeni yake. Kwa hiyo mbegu fupi inaweza kunukia, na ndefu inaweza kukosa ladha kabisa.

Ndugu wachimbaji, ninyi munajua hii kupita sisi wote. Jiwe la kijani linapendeza macho, lakini mununuzi halipi rangi. Anapima shaba yenye iko ndani. Na akitaka kukadiria kwa macho tu, munakataa, juu munajua atawaiba. Basi juu ya nini sokoni tunakubali kulipa rangi na urefu?

Wazee wa Afrika hawakufanya vile. Kule kandokando ya muto Niger, walifuga muchele wa Afrika, tafauti na ule wa Asia. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha ya kama ndani ya jeni yake moja, GL4, herufi moja iligeuka: mbegu ikawa ndogo, lakini ikaacha kuanguka chini mbele ya mavuno. Wazee walikubali mbegu ndogo yenye kufika gunia, kuliko kubwa yenye kupotelea shambani.

Sisemi ukubwa ni bure. Kwa mukulima, uzito wa mbegu ni sehemu moja ya mavuno, pamoja na hesabu ya mbegu kwa kila suke. Tena sisemi muchele wetu hauna kasoro. Mama mwenye kutoa mawe ndani ya lungo kila jioni ana haki ya kukasirika. Lakini mawe hayatoke ndani ya jeni. Yanatoka pa kuanikia, chini kwenye udongo. Na vipande vingi vinatoka kwa mashini ya kukoboa yenye kuzeeka. Ile ni mambo ya turubai na mashini, na inatengenezeka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mama, mbele ya kununua meka mingi, nunua kidogo, upike, muonje pamoja. Na ninyi wenye kununulia wafanyakazi chakula kwenye kampuni za mines: pimeni muchele sawa vile munapima mawe. Mukikuta ule wa Maniema ni safi na mutamu, lipeni bei yake. Mukulima akiona bei, atanunua turubai. Muchele ulifika Maniema pamoja na Kiswahili, kwa misafara ya watu wa pwani, karne ya 19. Kiswahili tunakisema bila haya. Na ule muchele mufupi, tuuweke mbele ya bageni bila haya vilevile.