Kiswahili si cha Sokoni Tu

Ndugu wanafunzi, nanyi mliomaliza zamani,

Mimi ni mtu wa Muyinga. Nilipokuja kusoma Gitega, wenzangu walinicheka kwa ajili ya Kiswahili changu. Walisema ni lugha ya kupatania bei ya samaki na ya kumdanganyia mtu. Lugha ya vitabu ni Kifaransa. Nilinyamaza, maana sikuwa na kitabu cha kuwaonyesha. Leo ninacho.

Kitabu chenyewe ni Peponi, hadithi ya Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Zawadi ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994; Bibi Ida Hadjivayanis akaifasiri, ikapigwa chapa Dar es Salaam mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri awe rehani ya deni, na baadaye anafuatana na msafara wa tajiri huyo kwenda bara. Hapo nataka Mrundi asome polepole. Watu wa msafara wanawaona wenyeji wa bara kuwa washenzi, na nchi yao kuwa giza. Basi, wa bara ndio sisi! Msomaji wa Mombasa husafiri pamoja na msafara. Sisi twausubiri mlangoni tukiulizana, hawa wataka nini? Na lugha tunayousomea habari zake ililetwa bara na misafara kama ile ile. Jambo hili lilininyima usingizi, wala sijalimaliza.

Katika mashairi nawapendekezea N'na Kwetu, cha Bwana Mohammed Ghassani, Mzanzibari aliyekitunga akiwa mgeni Ujerumani, kikashinda shindano la Mabati-Cornell mwaka 2015. Kwetu Muyinga wako wengi waliokulia katika makambi ya wakimbizi huko Tanzania, wakarudi na Kiswahili chao. Hao hawatahitaji mwalimu wa kuwafafanulia.

Sisemi Kifaransa kiachwe. Petit Pays cha Bwana Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, kilipewa mwaka 2016 zawadi ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa shule za Ufaransa, vijana wa umri wenu. Katikati ya vita mtoto wa hadithi hiyo anaazima vitabu kwa mama mmoja Mgriki, jirani yake. Nimezirudia kurasa hizo kuliko zote. Tena yuko Padri Michel Kayoya, aliyeuawa Gitega mwaka 1972. Sur les traces de mon père, alichokitoa mwaka 1968, ni fikira na mashairi yaliyochanganywa, na yafaa kila kijana wa Gitega akifungue kabla ya kuondoka hapa.

Sasa nasikia fedha tulizochanga sisi wa zamani kwa ajili ya maktaba zitanunua vitabu vya mtihani peke yake. Mimi nakataa. Vitabu vya mtihani hutupwa siku mtihani ukiisha, nami nimeviona vikifungia karanga. Theluthi moja ya fedha hizo inatosha kwa vitabu nilivyovitaja, nakala mbili mbili, na Kiswahili kipate rafu yake.

Wakati mnajadiliana, nakala yangu ya Peponi nimeiacha kwa mwalimu wa Kiswahili. Kila mtu majuma mawili, wala msikunje pembe za kurasa.