Kabla Hujaifomati Mashine, Iulize

SAFU YA KEMUNTO OGETO

Mpelekee fundi mjini Kisii kipakatalishi chako, umwambie kwamba ukikifunga na kukifungua tena skrini inabaki nyeusi. Swali lake la kwanza litakuwa: "Ni Windows ama Linux?" Ukisema Linux, kesi imekwisha. Anafomati, anakurudishia Windows, na tasnifu yako imekwenda na maji.

Hukumu hiyo ya haraka inaniudhi, hasa sasa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mitumba zinakataliwa na Windows 11. Wenye nazo, kuanzia Keroka hadi Nyansiongo, watafanyaje kama si kuhamia Ubuntu au Mint?

Tena kosa mara nyingi si la Linux. Chukua ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2018. Lenovo waliitoa bila usingizi mzito wa zamani, S3, unaozima karibu kila kitu isipokuwa RAM. Wakaweka usingizi mwepesi ulioilenga Windows. Watumiaji wa Linux wakalalamika, na mwaka huohuo kampuni ikatoa sasisho la BIOS lenye chaguo la "Linux" chini ya "Sleep State". Basi. Hapakuwa na haja ya kufomati chochote. Usingizi huo mwepesi ukienda mrama, mashine inaingia begini Nyamira ikiwa na chaji tele, inashuka kwenye matatu Kisii ikiwa moto, betri imekauka.

Kwa mashine nyingine, andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Aina ya usingizi iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika. Ukiona `s2idle` mabanoni na `deep` imekaa kando, jaribu `deep`. Isipokuwepo, usilazimishe.

Ikiganda ukiwa kazini, bonyeza Caps Lock. Taa ikiitika, keneli ingali hai. Huenda draiva ya picha ndiyo iliyokwama. Isipoitika, washa upya kisha uandike `journalctl -b -1 -e`, usome mistari ya mwisho iliyoandikwa kabla ya kuganda. Ukikuta "Out of memory", fundi wa nini? GB 4 za RAM hazibebi kurasa thelathini za kivinjari. Wakati mwingine mistari hiyo hukatika ghafla bila neno lolote. Hapo nashuku joto au RAM mbovu, na hapo fundi anastahili pesa zake.

Wauzaji nao wasijifiche. Mtumba huwashwa dukani, mnunuzi akaonyeshwa skrini inavyong'aa, akalipa. Mimi nataka ifungwe palepale kaunta, ikae muda wa kunywa chai, kisha ifunguliwe ikiwa na mfumo uleule nitakaoutumia. Muuzaji akikataa, maduka mjini ni mengi.