Dawa za presha na kifua kikuu: habari njema ambayo bado haijafika mwaloni

Miezi sita ni muda mrefu kwa mvuvi. Samaki wakipungua upande mmoja, naye huhama. Leo yuko Ukerewe, mwezi ujao yuko Kome au Goziba. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu inamtaka ameze vidonge kwa miezi hiyo yote bila kuruka. Kwa hiyo utafiti wowote unaotafuta njia ya kuifupisha unatuhusu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, hata kama unahusu dawa za presha.

Tunazungumzia dawa zinazozuia madini ya kalsiamu kuingia kwenye misuli ya moyo na mishipa, ili mishipa ilegee na presha ishuke. Wengi wenu mnazijua amlodipini na nifedipini. Ndugu yao mwingine ni verapamili. Bakteria wa kifua kikuu wana kitu kama pampu: dawa ikiingia wanaitoa, kama mtu anayechota maji mtumbwini na kuyamwaga ziwani. Verapamili huizuia pampu hiyo. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walieleza kwamba panya walioongezewa verapamili juu ya dawa za kawaida waliondokana na bakteria mapema zaidi.

Lakini hao ni panya. Kwa binadamu kuna kikwazo, na kinawagusa wagonjwa wa leo. Rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, hulifanya ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Verapamili, amlodipini na nifedipini zote hupungua mwilini. Mama ambaye presha yake ilishatulia anaweza kuanza dawa za kifua kikuu, akameza kila kitu alivyoagizwa, na presha ikapanda tena. Hapo hakosi kuambiwa ameacha dawa! Hili linatutia wasiwasi kuliko mengine yote, hasa pale anapotibiwa kwenye kliniki mbili kwa kadi mbili.

Antibayotiki nyingine hufanya kinyume. Erithromaisini na klarithromaisini hulipunguzia ini kasi, dawa ya presha ikajaa mwilini na presha ikashuka mno. Huko Ontario, Kanada, wazee waliotumia klarithromaisini pamoja na dawa hizi za presha walilazwa kwa figo kushindwa ghafla zaidi ya waliopewa azithromaisini. Ukienda duka la dawa muhimu, taja kwanza unachomeza kwa ajili ya presha.

Na kidonge cha bibi si dawa ya kikohozi cha mjukuu. Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kupimwa makohozi, na matibabu ya kifua kikuu ni bure. Nendeni na kadi zote mbili. Dozi ikiisha, rudini mpimwe presha ndani ya wiki chache, maana ini hurudia kasi yake ya zamani, na kama dawa ya presha ilikuwa imeongezwa, sasa inaweza kuwa nyingi mno.