Oili Moja, Majibu Mawili



Juma hili nataka tuzungumze juu ya chupa ndogo ya oili chafu. Usicheke. Chupa hiyo ilikaribia kuvunja amani katika nyumba ya dada yangu, na nyumba yenyewe ina magurudumu.

Dada na mumewe wanakaa Marekani, katika jimbo la Texas. Shemeji aliendesha malori huko miaka mingi. Alipoacha kazi, walichukua sehemu kubwa ya akiba yao wakanunua gari la kukaa ndani, lenye kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Watu wengi wa huko husafiri katika magari ya namna hiyo, na wengine hawana nyumba nyingine. Gari la dada halikuwa jipya. Injini yake ni ya dizeli, imewekwa nyuma, nayo ni kubwa kama ya basi. Injini kama hiyo ikifa, kuibadili kwaweza kula makumi elfu ya dola. Kwao wawili hiyo ni nyumba, tena ni akiba ya uzee.

Ndiyo sababu wenye magari hayo hupeleka oili maabara, kama vile daktari apelekavyo damu ya mgonjwa. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western ilipima oili ya injini zake za dizeli, ipate kujua ugonjwa kabla treni haijasimama njiani. Mwaka 1955 jeshi la wanamaji la Marekani likaanza kufanya hivyo kwa injini za ndege zake. Siku hizi mtu yeyote aweza kutia oili katika chupa, akaipeleka kwa posta, akalipa dola kati ya 30 na 50 hivi.

Maabara zenyewe ni nyingi. Iko Blackstone ya mji wa Fort Wayne, iliyoanza mwaka 1985. Hiyo humwandikia mwenye gari maelezo kwa maneno mepesi, na kulinganisha hesabu zake na wastani wa injini za aina ile ile. Iko huduma ya Caterpillar iitwayo S·O·S, inayopatikana kwa mawakala wake. Iko Polaris ya Indianapolis, yenye wateja wengi wa mitambo na malori. Basi mahali wanapoegesha magari hayo jioni, watu hubishana: huyu asifu ya kwake, yule asifu ya kwake.

Shemeji alichoka na ubishi huo. Akaendesha gari mpaka injini ikapata moto, akakinga oili katika chombo safi, akaigawa katika chupa mbili. Moja akaipeleka maabara ya kwanza, ya pili akaipeleka maabara nyingine. Sitazitaja, maana shabaha yangu si kumsifu wala kumlaumu mtu.

Majibu yakaja. Maabara ya kwanza ilisema: dizeli iliyoingia katika oili ni asilimia 1 na nusu, endeleeni na safari, mpime tena baadaye. Ya pili ilisema: dizeli ni asilimia 5, msiende mbali kabla fundi hajatazama.

Dada akanipigia simu usiku. "Mdogo wangu, shemeji yako ameamua kuamini ile karatasi nzuri. Anasema ile nyingine wanatafuta pesa za watu. Kesho anataka tuanze safari ya kuvuka milima, na mimi sitaki kuzikwa njiani. Wewe ulisoma ualimu, hebu tusomee."

Mimi si fundi. Lakini mwalimu hufundishwa jambo moja: watoto wawili wakileta majibu tofauti ya hesabu ile ile, usiulize kwanza nani ana akili, uliza kila mmoja alifanyaje. Nikamwomba dada aziulize maabara zote mbili swali hilo.

Ikaonekana kwamba hawakupima kwa njia moja. Ya kwanza huipasha oili moto na kuangalia mvuke wake unashika moto kwa joto gani. Ukishika upesi kuliko kawaida, hukadiria kiasi cha mafuta yaliyoingia. Njia hiyo ni rahisi na ya haraka, lakini ni makadirio, na dizeli hujificha ndani yake kuliko petroli. Maabara ya pili hutumia mtambo unaoitenga dizeli na oili na kuipima yenyewe. Hiyo ni ghali zaidi, nayo ni sahihi zaidi. Hakuna aliyesema uongo. Mmoja alikisia umbali kwa macho, mwingine alitandaza kamba.

Kisha nikamwambia dada, "Tafuta mahali ambapo karatasi zote mbili zimepima kitu kile kile kwa njia moja." Akasoma mstari wa uzito wa oili, yaani utelezi wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili yao ni ya 15W-40, na kwa kanuni oili ya namba 40 haipaswi kushuka chini ya 12.5 katika kipimo hicho. Karatasi ya kwanza ilisema 12.0. Ya pili ilisema 11.9. Hapo walikubaliana! Oili ilikuwa imekuwa nyepesi, na oili nyepesi haiwezi kutenga chuma na chuma. Hata karatasi nzuri ilikuwa imeandika habari hiyo, ila shemeji aliishia kwenye maneno ya juu yaliyompendeza.

Safari ikaahirishwa. Shemeji alinuna siku mbili, asiseme na mtu. Siku ya tatu akapeleka gari kwa fundi. Fundi akakuta nozeli moja inavuja, inadondosha dizeli ndani ya silinda, nayo inateremka polepole kwenye oili. Ikabadilishwa, oili ikamwagwa, chujio likawekwa jipya. Bei iliwauma, lakini haikuwa bei ya injini. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Sasa, msomaji, pengine wewe huna gari la kulala ndani. Lakini huenda una lori, au basi la abiria, au jenereta ya dizeli, na ugonjwa wa injini ni ule ule. Siku utakapotaka kuchagua maabara, usianze na bei. Uliza haya.

Kwanza, mnapima vitu gani kwa bei hiyo? Maabara karibu zote hupima madini: chuma kinachotoka kwenye silinda, risasi na shaba zinazotoka kwenye beringi, alumini ya pistoni, silikoni ambayo mara nyingi ni vumbi, na sodiamu au potasiamu zinazoweza kuonyesha kwamba maji ya rejeta yanaingia. Lakini nguvu ya oili iliyobaki ya kupambana na asidi, mara nyingine hulipiwa mbali. Kwa gari linalokaa miezi bila kutembea, kipimo hicho chafaa sana, maana oili huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Pili, mnapima kwa njia gani? Umekwisha kuona sababu.

Tatu, kipimo chenu hakioni nini? Mtambo wa kupima madini kwa moto huona chembe ndogo sana tu, za kadiri ya sehemu 5 hadi 8 za elfu moja ya milimita. Vipande vikubwa vya chuma vyaweza kupita visionekane. Kwa hiyo karatasi safi si kiapo. Chana na chujio la zamani, utazame ndani.

Nne, kazi yenu inakaguliwa na nani? Kiko kipimo cha ulimwengu cha ubora wa maabara kiitwacho ISO 17025. Maabara iliyokaguliwa hivyo itakuonyesha hati yake bila kusitasita.

Nawe una wajibu wako. Kinga oili ikiwa ya moto, katikati ya mtiririko, si ile ya kwanza wala ya mwisho. Chupa iwe safi. Andika oili hiyo imetembea maili ngapi na imekaa miezi mingapi, ni ya aina gani, na umeongeza kiasi gani. Maabara bora haiwezi kuponya chupa iliyojazwa vibaya.

Na ukiisha kuchagua, usihame-hame. Akina mama wanalijua jambo hili kuliko mafundi. Mtoto akipimwa uzito leo kwa mzani huu, na mwezi ujao kwa mzani wa jirani, kadi yake ya kliniki haina maana tena. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Ule mstari unaopanda au kushuka mwezi hata mwezi ndio unaosema.

Dada sasa ana daftari. Kila oili inapobadilishwa huandika hesabu zote, kutoka maabara moja tu, ile ya pili. Juzi nilimwuliza shemeji kwa simu kama bado ana kinyongo. Akacheka, akasema, "Shemeji, mimi siku hizi ni dereva tu. Mwenye injini ni dada yako."

Milima wameivuka. Kwa herini, wasomaji wangu, hadi juma lijalo.