Misri Haikuletwa na Mgeni

Mwaka 2020 tajiri Elon Musk aliandika Twitter kwamba piramidi za Misri, bila shaka yoyote, zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Waziri wa Misri wa ushirikiano wa kimataifa, Rania Al-Mashat, alimjibu kwa adabu, akamkaribisha aje ayaone makaburi ya watu waliozijenga. Wengi walicheka, habari ikapita. Mimi sikucheka. Maneno yale yana asili yake katika imani kongwe iliyofundishwa vyuoni na watu wenye vyeo na joho, na bado wanayo watu wengi wasiosadiki habari za viumbe wa angani hata chembe. Wanaamini kwamba ustaarabu wa Misri ulizuka ghafla, ukiwa umeshakamilika, kwa hiyo lazima yupo mgeni aliyeuleta.

Mgeni mwenyewe hubadilika kila kizazi. Leo ni wa sayari nyingine, jana alikuwa wa kisiwa kilichozama baharini, juzi alikuwa bwana mwenye fuvu kubwa aliyevuka jangwa kutoka Mashariki. Asiyebadilika ni mkulima wa bonde la Nile, ambaye katika masimulizi haya yote amewekwa kando, akiangalia wenzake wakimtengenezea nchi yake.

Nasema imani hii ni ya uongo, na uongo wake ulishajulikana tangu babu zetu hawajazaliwa. Katika msimu wa 1894 hadi 1895 Mwingereza Flinders Petrie alifukua makaburi takriban 2,000 huko Naqada, ng'ambo ya magharibi ya mto, kaskazini kidogo ya Luxor. Hakukuta maandishi wala majeneza yaliyopambwa. Wafu walikuwa wamelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kando yao kulikuwa na mitungi myekundu yenye midomo myeusi, vibao vya mawe vya kusagia rangi ya macho, visu vya gumegume. Petrie hakuona humo kitu alichozoea kukiita cha Kimisri, basi akatangaza kwamba amegundua jamii mpya ya wavamizi. Mji uliochomwa hakuuona, kaburi la vita hakuliona. Ugeni wa vyombo machoni pake ulimtosha. Mfaransa Jacques de Morgan ndiye aliyesema lililokuwa wazi: hawa ni wenyeji wa Misri, waliokufa kabla hajatokea mfalme hata mmoja. Petrie ikambidi akubali.

Na hapa nataka nimtendee haki, kwa kuwa ni yeye huyohuyo aliyetupa silaha. Alichukua makaburi 900 hivi, kila moja akaliandikia kipande chake cha karatasi chenye orodha ya vyombo vilivyokutwa ndani, kisha akakaa akivipanga na kuvipangua mpaka vilivyofanana vikawa jirani. Mwongozo wake mkubwa ulikuwa aina moja ya mtungi. Mitungi ya mwanzo ya aina hiyo ina tumbo pana na vishikio viwili vilivyobonyezwa vidole hadi vikawa na mawimbi. Ukiubeba mtungi umejaa, vidole vyako vinapata pa kukaa. Inayofuata imepungua unene, na vishikio vimefupika. Baadaye vishikio vinakuwa ukingo mdogo usioshikika. Mwishoni mtungi umenyooka na kuwa mwembamba, na kile kilichokuwa kishikio kimebaki mstari wa mawimbi tu, pambo chini ya mdomo. Yeyote anayedai kwamba mambo yalitokea ghafla na aitazame mitungi hiyo ikiwa imepangwa safu moja. Ni kazi ya karne nyingi, mfinyanzi akimrithisha mfinyanzi, na mwisho wa safu unaingia moja kwa moja katika makaburi ya wafalme wa kwanza.

Kabla ya Naqada kulikuwa na Badari, na wafinyanzi wake wa mwaka 4400 KK hivi walitengeneza vyungu vyembamba vya kushangaza kwa mkono mtupu. Kulikuwa na Fayum, ambako katika miaka ya 1920 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson na mwenzake Elinor Gardner walikuta mashimo ya nafaka zaidi ya mia moja yaliyotandikwa majani yaliyosukwa. Katika baadhi ya mashimo ngano na shayiri zilikuwa bado zimo. Walikuta pia mundu wa mti wenye meno ya gumegume yaliyopachikwa, mzima, kama ulivyoachwa na mwenye shamba. Vitu hivyo vimekaribia kumtangulia Khufu, mfalme wa piramidi ya Giza, kwa miaka 2,000. Na magharibi ya Abu Simbel, huko Nabta Playa ambako leo ni mchanga mtupu, wafugaji walichimba visima na kuzika ng'ombe wao kwa heshima chini ya mawe zama ambazo mvua ilikuwa bado inafika Sahara. Mvua ilipokata, watu walisogea mtoni.

Lakini pakiwa na mahali pamoja tu ninapotaka msomaji apashike, basi ni Nekhen, ambayo Wagiriki waliiita Hierakonpolis, kusini ya Luxor. Huko, yapata mwaka 3600 KK, walikuwapo watu waliopika pombe ya nafaka katika mapipa ya udongo yaliyozungushiwa moto. Fikiria kinachohitajika ili pombe ipikwe kwa wingi. Lazima nafaka ibaki baada ya watu kula. Lazima kuwe na mwenye kuikusanya, mwenye kukata kuni katika nchi yenye miti michache, mfinyanzi asiye na kazi nyingine, na mtu mwenye sauti ya kuamua nani anapewa na nani hapewi. Ukishapata hayo una serikali changa, ingawa hakuna jiwe hata moja lililochongwa. Katika makaburi ya wakubwa wa mji huo wanaakiolojia wamefukua tembo, viboko, nyani na chui. Mifupa ya baadhi ya nyani na viboko ilikuwa imevunjika ikaunga tena, maana yake wanyama hao walishikwa porini, wakafungwa, wakalishwa muda mrefu kabla ya kuuawa. Aliyefanya hivyo alikuwa anawaonyesha watu wake uwezo. 

Nekhen ndiko lilikookotwa bamba la Narmer mwaka 1898, lile linalomwonyesha mfalme ameinua rungu na kumshika adui nywele. Vitabu huliweka ukurasa wa kwanza, kana kwamba Misri inaanzia hapo. Ilhali katika mji huohuo kuna kaburi lililopewa namba 100, la miaka mingi kabla ya Narmer, lenye ukuta uliopakwa rangi, na katika ukuta huo yupo mtu aliyeinua rungu juu ya mateka. Mkao ule ulichongwa kwenye kuta za mahekalu ya Misri kwa miaka 3,000 iliyofuata. Narmer aliurithi.

Na maandishi je? Mwaka 1988 Mjerumani Günter Dreyer alifungua kaburi U-j huko Abydos, la mwaka 3200 KK hivi. Humo kulikuwa na vibao vidogo vya mfupa na pembe za ndovu, vimetobolewa ili vifungwe kwa kamba, kila kimoja kina alama chache: namba, ndege, mnyama, pengine jina la mahali mzigo ulikotoka. Ni maandishi ya watunza stoo. Anayetafuta hekima ya siri iliyoletwa kutoka nyota za mbali atasikitika. Yaliyomo ni hesabu ya bidhaa.

Kuhusu piramidi sitakaa sana. Mfalme Djoser alipandanisha kaburi la kawaida juu ya jingine kule Saqqara. Sneferu alijenga Dahshur kwa mwinuko wa nyuzi 54 hivi, na kazi ikiwa imefika katikati ikabidi mafundi wapunguze hadi 43, na mkunjo huo unaonekana mpaka leo. Mwanawe Khufu akajenga Giza. Mwaka 2013 Pierre Tallet na wenzake walifukua huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, shajara ya mafunjo ya msimamizi aitwaye Merer, anayeeleza siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyobeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura kwenda Giza. Baada ya ushahidi huo, kuendelea kuuliza nani alijenga ni kuwakosea heshima waliojenga.

Watu wataniuliza mbona nakasirikia jambo la kale namna hii. Nakasirika kwa sababu wazo hili liliua watu katika kanda yetu. Mpelelezi Mwingereza Speke, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu chanzo cha Nile, alizikuta falme za Maziwa Makuu zenye mpangilio, akaamua kwamba watawala wake lazima walitoka Uhabeshi. Mwaka 1930 mwanaanthropolojia Seligman akalipa jambo hilo sura ya kitaalamu, kwamba kila kilicho bora Afrika ni kazi ya Wahamiti waliokuja kutoka nje. Misri ilikuwa ushahidi wao mkuu: kama hata kule ustaarabu uliletwa na wageni, kwa nini isiwe Rwanda? Wakoloni wa Kibelgiji wakatawala kwa fikra hiyo, wakiwahesabu Watutsi kuwa Wahamiti. Mnamo Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya umati na kusema Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulijaa maiti, zikapita Kagera mpaka Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Uganda na Tanzania wakawa wanaziopoa. Nyabarongo ni miongoni mwa vyanzo vya Nile. Nadharia ya mgeni mwenye akili na mwenyeji asiye nayo haikuanzia kwa waliobeba mapanga. Ilianzia kwa wasomi.

Pwani yetu nayo ilifanyiwa hivyohivyo. Miji ya Waswahili ilisimuliwa miaka nenda miaka rudi kama makoloni ya Waajemi na Waarabu, hadi mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, akakuta chini ya majengo ya mawe tabaka juu ya tabaka za nyumba za miti na udongo, pamoja na vigae vya wenyeji.

Sasa nijibu hoja nzito, maana zipo. Ngano, shayiri, kondoo na mbuzi vilitoka Asia ya Magharibi. Ule mtungi wa vishikio vya mawimbi niliousifu umbo lake la kwanza lilitoka Palestina. Katika ukuta wa kaburi namba 100 yupo pia mtu aliyesimama kati ya simba wawili, mchoro ambao chimbuko lake ni Mesopotamia. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mwanamume aliyezikwa ndani ya chungu huko Nuwayrat zama za piramidi za mwanzo: takriban asilimia 80 ya asili yake ni ya Afrika Kaskazini, na takriban asilimia 20 inaelekea Mesopotamia. Nayakubali yote. Misri ilikuwa njia panda, watu walioana na kuuziana. Lakini tazama kilichotokea baada ya kitu kufika. Mtungi wa Palestina ulikaa mikononi mwa wafinyanzi wa Nile mpaka ukapoteza vishikio na kuwa chombo kisichokuwapo Palestina. Mtu wa simba alififia, mtu wa rungu akadumu. Kupokea mbegu kutoka kwa jirani ni jambo moja, kukabidhiwa nchi iliyokwisha kupangwa ni jambo jingine, na hilo la pili halina ushahidi.

Wapo pia wanaoshika utafiti wa kaboni wa mwaka 2013, uliofupisha safari ya kutoka vijiji hadi dola ikawa karne sita au saba. Wanasema, si ndiyo ghafla hiyo? Karne saba si muda mfupi: karne saba zilizopita msafiri Ibn Battuta alikuwa hajafika Kilwa.

Na sisi wenyewe tuna lawama. Mwanahistoria Msenegali Cheikh Anta Diop alikwenda Cairo mwaka 1974, kwenye mkutano wa UNESCO, akisaidiana na Théophile Obenga, akapigana vita vilivyohitaji kupiganwa. Lakini wengi wetu tumechukua kwake swali la rangi ya ngozi peke yake, tukavaa fulana za Nefertiti, na hatujui Nekhen iko wapi. Tunagombania mafirauni waliokwisha kaa kwenye viti vya enzi, wakati aliyenyang'anywa jina lake ni yule aliyechimba shimo la nafaka Fayum. Kwa kuanzia kwenye piramidi tunaikubali bila kujua hoja ya adui, kwamba kabla ya mawe makubwa hapakuwa na kitu.

Anayemtaka mgeni atuonyeshe tabaka lake. Atuonyeshe Nekhen au Abydos mahali ambapo vyombo vya wenyeji vinakoma na vya mgeni vinaanza, makaburi ya jamii nzima ya waliokuja, mji wao wa kwanza. Mwanaakiolojia Walter Emery alitetea jamii hiyo ya wavamizi hadi mwaka 1961, akatoa mafuvu na usanifu wa kuta. Majembe yaliyochimba tangu hapo, Nekhen na Abydos, yameleta mwendelezo. Na wanaoandika vitabu vya historia vya shule zetu waweke picha ya ule mundu wa Fayum ukurasa wa kwanza wa sura ya Misri, wafuatishe mitungi ya Petrie, pombe ya Nekhen na vibao vya Abydos, na Giza waiache mpaka mwanafunzi awe ameshajua ni akina nani waliokuwa wakiishi pale.