Damu Haiko Kwenye Makali

Taja Frimasoni ndani ya matatu uone sauti zinavyoshuka. Utaambiwa ya nyoka, ya damu, ya utajiri wa usiku mmoja. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ichunguze ibada ya shetani nchini. Na ukiuliza watu ushahidi ni upi, wengi watakutajia panga: ati wale watu wana panga ndani, za kazi gani?

Wacha niseme ukweli. Tunaogopa upande usiofaa wa upanga.

Makali hayana habari. Mlinzi wa loji husimama nje ya mlango na upanga uchi mkononi, basi, mkutano unaendelea. Loji Kuu ya Uingereza ina upanga wa Gustavus Adolphus, mfalme wa Uswidi aliyeuawa vitani 1632. Uliletwa kama zawadi na Duke wa Norfolk mnamo 1730. Lakini nyingi zinazogombewa na wakusanyaji leo ni za Marekani, za tawi la Knights Templar, zilizotengenezwa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 na viwanda kama Ames wa Massachusetts na M.C. Lilley wa Ohio. Ni panga za gwaride. Hata sukuma wiki zingekushinda kukata.

Sasa angalia mpini. Kuna mipini ya mbao nyeusi, ya mfupa, ya seluloidi, na kuna ya pembe za ndovu. Hiyo ya mwisho ndiyo muuzaji huisifu kwanza, na bei hupanda. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Pembe nyingi zilizoingia Marekani karne hiyo zilipitia Zanzibar. Kabla ya hapo zilibebwa kwa miguu kutoka bara, begani mwa wapagazi na watumwa, na si wote waliofika pwani. Kama unatafuta damu kwenye upanga wa Frimasoni, iko pale unaposhika.

Najua jibu la mkusanyaji: ndovu huyo alikufa zamani, kuuacha upanga hakumfufui. Kweli. Hata sheria ya Marekani huachia vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Lakini bei haisomi tarehe. Kila anayelipa ziada kwa sababu ya pembe anamwambia mwindaji wa leo kwamba pembe bado ni mali. Sisi tulishajibu hilo kwa moto: tani 12 mwaka 1989, tani 105 mwaka 2016, zote Nairobi. Tulisema pembe ina thamani ikiwa kwenye ndovu tu. Mkenya atakayejivunia mpini wa pembe ukutani kwake anasema majivu yale yalikuwa mchezo.

Sisemi msikusanye. Kusanyeni, lakini chagueni kwa akili. Ubapa mara nyingi umechorwa jina la mwenyewe. Hilo ndilo lenye thamani, maana jina unaweza kulifuatilia mpaka loji yake, mji wake, kaburi lake. Anayesugua ubapa ung'ae mpaka jina lifutike amebaki na chuma tu. Kisha chunguza mpini. Pembe ya ndovu ikikatwa huonyesha mistari iliyopishana kama wavu. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi. Seluloidi ina mistari iliyonyooka sambamba, na ukiisugua hunukia kafuri.

Ukikuta wavu, rudisha. Ukikuta kafuri na jina la mtu, lipa.

Na wewe wa kwenye matatu, siku nyingine ukisikia panga za Frimasoni, usiulize zimemchinja nani. Uliza mpini ni wa nini.