Jinamizi si kazi ya jirani

Je, kuna mtu nyumbani mwako ambaye kila wiki hugutuka usiku akipiga mayowe, jasho likimtiririka, akidai alikuwa anakabwa?

Chukua mfano wa mama auzaye ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Hukopesha kila anayemlilia shida, na mteja akimtolea neno baya, humkaa moyoni hadi jioni. Usiku huota jinamizi. Dadake, waliyelelewa naye chumba kimoja, hulala fofofo. Kwa nini?

Ernest Hartmann, daktari wa akili wa Boston, Marekani, aliwachunguza watu waliosumbuliwa na jinamizi mara kwa mara, na mwaka 1984 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Aliona wengi wao ni wepesi wa hisia: huwaamini wengine upesi, huumia upesi, na baadhi ni wasanii. Ni kama nyumba yenye kuta nyembamba. Kelele za nje hupenya hadi ndani. Watafiti wengine wameona kuwa mwenye tabia ya wasiwasi pia huota vibaya zaidi. Ongeza karo, msiba au homa, na jinamizi huzidi.

Basi chanzo kimo ndani ya mwotaji na maisha yake. Lakini wapo wanaosema, "Nimemwota bibi yule akinikaba, ndiye anayeniroga." Hapo ndipo penye hatari. Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa Kisii wakishukiwa uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa shuku hiyo hiyo. Sisemi mauaji hayo yalianzia kwenye ndoto. Nasema penye shuku kama hiyo, ndoto ni njiti ya kiberiti kwenye nyasi kavu.

Ufanyeje? Mruhusu mwotaji asimulie ndoto yake mchana, abadilishe mwisho wake apendavyo, kisha airudie hiyo mpya akilini dakika chache kila siku. Utafiti wa Barry Krakow na wenzake, uliochapishwa 2001, ulionyesha njia hii hupunguza jinamizi. Ikiwa ndoto zilianza baada ya kupigwa, kunajisiwa au ajali, au zinamnyima usingizi kwa wiki nyingi, mpeleke hospitalini.

Na jina la jirani aliyeonekana ndotoni liishie pale pale kitandani.